Mcheza Kwao: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu The Ozark Mountain Daredevils

Ukiitaja bendi hii mbele ya watu wanaopenda muziki wa Marekani wa miaka ya 1970, wengi watakuambia hawaijui. Waimbie mwanzo wa "Jackie Blue" na nusu yao wataanza kutikisa kichwa. Wimbo wanaujua, watu walioufyatua hawawajui. Nimekaa na santuri za kundi hili kwa miaka mingi, na maswali ninayoulizwa hurudi yaleyale. Nimeyakusanya hapa na kuyajibu kadiri kila moja linavyostahili.

Kwa kifupi, hawa ni nani?

Ni bendi ya kantri roki iliyozaliwa Springfield, mji ulio kusini-magharibi mwa jimbo la Missouri, kati ya mwaka 1971 na 1972. Ilisaini na kampuni ya kurekodi muziki ya A&M mwaka 1973, ikaingiza nyimbo mbili kati ya arobaini bora za Marekani, na ikakataa kuhama nyumbani kipindi ambacho kila mtu katika biashara ile aliamini kwamba bila kuhamia Los Angeles hufiki popote. Kukataa huko ndiko kumenifanya niwapende, na ndiko kunakoeleza mengi yaliyowapata baadaye, mazuri na mabaya.

Ozark ni wapi hasa?

Ni nyanda za juu zilizotandaa kusini mwa Missouri na kaskazini mwa Arkansas, na kuingia kidogo Oklahoma. Huitwa milima, ila ukitarajia vilele vyenye theluji hutaviona. Ni vilima vilivyofunikwa na misitu, mabonde membamba, mapango mengi na chemchemi zinazobubujika kutoka kwenye mwamba wa chokaa. Wakulima wengi waliohamia huko karne ya 19 walitoka milima ya Appalachia, wakaja na fidla zao, baadaye banjo, na nyimbo za mababu zao wa Uskoti na Ireland.

Springfield yenyewe haikuwa ngeni kwenye muziki. Kuanzia 1955 hadi 1960 kipindi cha televisheni cha Ozark Jubilee, kilichoongozwa na Red Foley, kilirushwa nchi nzima na kituo cha ABC kutoka ukumbi mmoja katikati ya mji huo. Kwa miaka hiyo michache Springfield ilithubutu kushindana na Nashville, kitovu cha muziki wa kantri. Vijana waliokuja kuunda Daredevils walikulia katika kivuli hicho, halafu wakiwa na umri wa kushika magitaa wakakutana na mawimbi ya Beatles na roki. Changanya hayo mawili na tayari umeshausikia nusu ya muziki wao.

Kantri roki ni muziki gani? Si kantri tu yenye gitaa la umeme?

Hapana, ingawa naelewa kwa nini inasikika hivyo. Kantri ya Nashville ya wakati ule ilikuwa na mwimbaji mmoja mbele na wanamuziki wa kukodi nyuma yake, nyimbo zikiandikwa na watunzi waliolipwa kwa kazi hiyo. Roki ilikuwa ya bendi: watu wanaotunga wenyewe, wanaopiga wenyewe, wanaobishana wenyewe. Kantri roki ilichukua hadithi, fidla, mandolini na uitikiaji wa sauti za juu kutoka upande mmoja, ikachukua dramu, besi na tabia ya kujitungia kutoka upande wa pili.

Kwa kawaida watu huanzia hesabu mwaka 1968, The Byrds walipotoa albamu yao ya kantri wakiwa na Gram Parsons, kisha Flying Burrito Brothers mwaka 1969, Poco, na hatimaye Eagles, walioundwa Los Angeles mwaka 1971. Wengi wa hao walikuwa watu wa California, hata kama walizaliwa kwingine. Walikuwa wakiimba kuhusu mashamba huku wakiishi mjini. Daredevils walifika kutoka upande wa pili kabisa: walikuwa tayari vijijini na roki ndiyo iliyowafuata huko.

Je, ni Southern rock, kama Lynyrd Skynyrd na Allman Brothers?

Siyo. Maduka huwaweka kwenye rafu moja na ninaona ni makosa. Southern rock imejengwa juu ya bluzi, magitaa mawili au matatu yanayojibizana kwa nguvu, na solo ndefu. Daredevils wamejengwa juu ya wimbo na sauti za kuitikia. Magitaa yao mengi hayana umeme. Wanapokaribia bluzi, ni kwa sababu harmonika ya mwenzao Steve Cash imewavuta huko.

Jina hilo refu lilitoka wapi?

Kwanza walijiita Family Tree, wakagundua kuna kundi jingine lenye jina hilo. Ikabidi watafute lingine. John Dillon, mmoja wao, akaleta pendekezo lililokuwa refu zaidi ya hili la sasa: Cosmic Corn Cob and His Amazing Ozark Mountain Daredevils. Kwa Kiswahili ungesema Gunzi la Anga za Juu na Wajasiri Wake wa Ajabu wa Milima ya Ozark. Shida ilikuwa dhahiri: nani angekubali kuwa Gunzi? Hakuna aliyetaka. Kichwa cha jina kikakatwa, na neno la "ajabu" nalo likaondolewa kwa kuwa kulikuwa na bendi nyingine, Amazing Rhythm Aces, yenye neno hilo.

Kisa hiki hupenda kusimuliwa kama kichekesho, ila mimi nakiona kama kielelezo cha jinsi kundi lilivyofanya kazi. Katika bendi ya watu sita hapakuwa na hata mmoja aliyetaka jina lake, au hata jina la kubuni, litangulie mbele ya wenzake.

Walikuwa akina nani, na nani alikuwa kiongozi?

Sita wa mwanzo ni hawa. John Dillon, mzaliwa wa Arkansas, alipiga gitaa, mandolini, fidla na karibu kila kitu chenye nyuzi. Randle Chowning alipiga gitaa la solo. Larry Lee alikaa kwenye dramu lakini pia aliweza gitaa na kinanda. Michael Granda, kijana wa St. Louis ambaye kila mtu humwita Supe, alishika besi. Buddy Brayfield alipapasa kinanda. Steve Cash, mzaliwa wa Springfield, alipuliza harmonika na kuandika maneno.

Kiongozi hakuwapo. Hili ndilo jambo ambalo wageni hushindwa kulielewa wakisikiliza albamu zao kwa mara ya kwanza. Wimbo wa kwanza una sauti nzito, wa pili sauti nyembamba, wa tatu mtu mwingine tena, na msikilizaji anajiuliza kama amewekewa mkusanyiko wa bendi tofauti. Kila mmoja alikuwa na nyimbo zake, na aliyeandika wimbo mara nyingi ndiye aliyeuimba. Dillon na Cash walikuwa wakiandika pamoja. Lee alivutia zaidi upande wa pop. Chowning alitaka gitaa lisikike. Granda alileta nyimbo za kuchangamsha watu.

Faida yake ni kwamba hukinai. Hasara yake ni kwamba kampuni ya kurekodi haijui imuweke nani kwenye bango. Katika biashara ya muziki sura moja huuzika kirahisi kuliko sura sita, na Daredevils waliilipia gharama hiyo muda wote waliokuwa na mkataba.

Mkataba waliupataje wakiwa mbali hivyo na miji ya muziki?

Kwa bahati iliyowakosa mara moja na kuwapata mara ya pili.

Mara ya kwanza, kanda yao ilifika New York mikononi mwa John Hammond wa kampuni ya kurekodi ya Columbia, mtu aliyewahi kuwagundua Billie Holiday na Bob Dylan. Hammond aliipenda kiasi cha kuwapa dola 500 warekodi nyimbo zaidi za majaribio huko kwao Springfield. Walirekodi. Columbia ikasikiliza, ikawaacha. (Nyimbo hizo zilikuja kutolewa miaka mingi baadaye, katika miaka ya 1980, na zinastahili kusikilizwa: ni bendi kabla ya mtu yeyote kuwaambia wafanye nini.)

Kanda hizo pia zilifika Kansas City, mwendo wa saa tatu hivi kutoka Springfield, kwa Stan Plesser na Paul Peterson. Hawa walikuwa na kampuni ya umeneja iitwayo Good Karma, na Plesser aliendesha ukumbi wa dansi wa Cowtown Ballroom. Tayari walikuwa wakiwasimamia Brewer & Shipley, wawili walioiacha Los Angeles wakaja kuishi Missouri na bado wakapata kibao kikubwa mwaka 1971. Kwa hiyo mameneja hawa walikuwa wameshaona kwa macho yao kwamba inawezekana kukaa katikati ya nchi na kusikika pembeni zake zote.

Mapema mwaka 1973 David Anderle wa A&M alikuwa akitafuta kundi la kushindana na Eagles. Akaja Kansas City na Glyn Johns, mtayarishaji Mwingereza aliyekuwa ametoka kuwarekodi Eagles wenyewe, na ambaye kabla ya hapo alishafanya kazi na Rolling Stones na The Who. Wakawatazama Daredevils jukwaani Cowtown. Usiku ule bendi haikung'ara. Wageni wangeweza kurudi uwanja wa ndege na hadithi ingeishia hapo.

Baada ya onyesho walikwenda nyumbani kwa Peterson. Vijana wakakaa sebuleni na magitaa yasiyo na umeme, mishumaa ikiwaka, wakaimba kama walivyozoea kuimba wakiwa peke yao. Hapo ndipo Johns na Anderle walipokata shauri. Mara nyingi nimeifikiria sebule ile. Jukwaani walikuwa bendi nyingine ya roki yenye woga. Wakiwa wameketi, sauti nne zikiingiana bila kipaza sauti, walikuwa kitu ambacho mtu wa Uingereza hajawahi kukisikia popote.

Kwa nini basi bendi ya vijijini Missouri ilirekodi albamu ya kwanza London?

Kwa sababu Glyn Johns alikuwa mtu wa London na alipenda kufanya kazi kwao. Eagles nao walikuwa wamepelekwa Olympic Studios kwa albamu yao ya kwanza. Daredevils wakapanda ndege mwaka 1973, na albamu ikatoka mwishoni mwa mwaka huohuo, ikiwa na jina la bendi tu. Mashabiki huiita "albamu ya kwilti", kutokana na picha ya jalada: lile blanketi la viraka ambalo wanawake wa Ozark hushona kwa mabaki ya nguo.

Wimbo wake wa kwanza kuvuma ulikuwa "If You Wanna Get to Heaven", kazi ya Dillon na Cash. Harmonika na gitaa vinaitikiana, na mguu wako unaanza kugonga sakafu kabla hujaamua. Ulifika nambari 25 kwenye chati ya jarida la Billboard mwaka 1974, na albamu yenyewe ikafika nambari 26.

Kuna wimbo wao wenye sauti za kuku. Ni kweli?

Ni kweli, unaitwa "Chicken Train", na upo kwenye albamu hiyohiyo ya kwanza. Sauti ile ya kuvuma na kutetema unayoisikia chini ni ya upinde wa mdomo: fimbo iliyopindwa kwa uzi mmoja, ncha yake ikigusa shavu au midomo, na kinywa cha mpigaji kikifanya kazi ya sanduku la sauti. Dillon ndiye aliyeupiga. Ni ala ya zamani sana na wazee wa Ozark waliitunza hadi karne ya 20. Watu huucheka wimbo huu, na una furaha kweli, lakini usiupuuze. Kuweka upinde wa mdomo kwenye albamu ya roki ya kampuni kubwa, iliyorekodiwa na mtu aliyefanya kazi na Rolling Stones, ni tamko. Walikuwa wakisema: hivi ndivyo vitu vyetu, na vinatosha.

Albamu ya pili ilirekodiwa shambani? Au ni porojo za matangazo?

Si porojo. Mwaka 1974, badala ya kurudi London, Johns na Anderle ndio waliosafiri. Randle Chowning alikuwa akiishi kwenye shamba karibu na Bolivar, kaskazini kidogo mwa Springfield. Gari la kurekodia likaegeshwa nje ya nyumba ya shamba, nyaya zikapitishwa ndani, na bendi ikapiga kwenye vyumba ambavyo watu walikuwa wakilala na kula.

Albamu ilikuja kuitwa "It'll Shine When It Shines", maana yake jua litawaka litakapowaka, na kwangu ndiyo kazi yao bora. Sikiliza nafasi iliyo katikati ya ala. Haisikiki kama studio. Inasikika kama chumba chenye sakafu ya mbao na watu wanaotazamana usoni. Wimbo wenye jina la albamu unaimbwa polepole, bila haraka yoyote, na mtu anayeishi kwa saa ya mjini anaweza kuudhani mvivu. Ilifika nambari 19, na hakuna albamu yao iliyofika juu zaidi ya hapo.

Jackie Blue ni nani? Na yule mwanamke anayeimba anaitwaje?

Hili ndilo swali nambari moja, kwa hiyo nitalipa nafasi.

Hakuna mwanamke. Anayeimba ni Larry Lee, mpiga dramu, mwenye sauti ya juu na laini kiasi kwamba watangazaji wengi wa redio waliamini wanatangaza kundi lenye mwimbaji wa kike. Lee aliutunga wimbo huu na Steve Cash. Awali Jackie alikuwa mwanamume, mtu wa kujificha na wa mambo ya gizani. Glyn Johns aliusikia, akaona ndani yake kuna kibao kikubwa, lakini akawaambia Jackie lazima awe msichana. Lee na Cash wakakaa wakayabadilisha maneno hapohapo, na msichana mwenye huzuni, asiyetoka chumbani, akazaliwa.

Mei 1975 ulifika nambari 3 Marekani. Wengine wameurudia tangu hapo, wakiwemo Smashing Pumpkins mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Sasa, ukiusikiliza kwa makini utagundua kitu: hauna fidla, hauna banjo, hauna mandolini, hauna hata harmonika. Ni wimbo wa pop, mzuri mno, wenye gitaa linaloteleza na dramu zilizonyooka. Katika albamu iliyorekodiwa shambani, ndio wimbo pekee ambao ungeweza kutoka popote duniani. Mamilioni ya watu waliwafahamu Daredevils kupitia wimbo usiofanana na nyimbo zao nyingine. Mtu alienda dukani akanunua albamu akitarajia nyimbo kumi za aina ile, akakutana na wanaume wenye ndevu wakiimba kuhusu mito na mashamba. Wengine walibaki, na hao ndio mashabiki wa kudumu. Wengi walirudisha santuri rafuni na hawakuitoa tena.

Siuchukii "Jackie Blue". Nautazama tu kama mlango ulioandikwa jina la nyumba nyingine.

Kwa nini hawakuhamia California?

Baada ya nambari 3, A&M waliona njia iko wazi. Bendi ije kusini mwa California, ikae karibu na studio na waandishi wa habari, iandike "Jackie Blue" nyingine mbili tatu, na izunguke nchi nzima bila kupumzika. Huo ndio mpango uliowafanya Eagles kuwa Eagles. Daredevils wakasema hapana. Hawakutaka kuhama, na hawakutaka kutunga kwa oda.

Watu huniuliza kama ulikuwa ukaidi au uvivu. Sioni kimojawapo. Tazama muziki wenyewe unatoka wapi: watu waliokuwa na mabustani, wake na watoto wadogo, majirani wanaowajua kwa majina, mto wa kuvua samaki jioni. Ukiwaondoa hapo, wataimba kuhusu nini? Eagles waliweza kuimba kuhusu California kwa sababu waliishi California. Ingekuwa ajabu kuwataka Daredevils wahame ili waendelee kuimba kuhusu mahali walipopahama.

Lakini gharama ilikuwepo na haifai kuificha. Kampuni iliyosikia "hapana" hupunguza ari. Albamu ya tatu, "The Car Over the Lake Album" ya mwaka 1975, ilirekodiwa Nashville, ikafika nambari 57. "Men from Earth" ya 1976 ikafika nambari 74. Hakuna wimbo wao mwingine uliorudi kwenye arobaini bora. Kuna nyimbo kwenye albamu hizo mbili ambazo, zingesukumwa kwa bidii iliyotumika kwa "Jackie Blue", ningeweka dau zingesikika. Hazikusukumwa.

Walipiga mbele ya umati mkubwa kiasi gani?

Kwenye tamasha la Ozark Music Festival lililofanyika Sedalia, Missouri, Julai 1974, walikuwa kwenye orodha moja na Eagles, Lynyrd Skynyrd na Aerosmith. Waandaaji waliahidi watu elfu hamsini. Makadirio yanasema waliofika walizidi laki moja, katika joto kali na bila maji ya kutosha. Mji ule ulikumbuka vurugu kuliko muziki.

Nani aliondoka, na lini?

Mwaka 1976 ndio uliolipasua kundi la mwanzo. Chowning aliondoka akaunda bendi yake. Alikuwa akitaka roki zaidi. Brayfield naye aliacha kinanda akaenda kusomea udaktari, na akawa daktari kweli. Huyu nampa heshima ya pekee. Kuacha bendi ambayo mwaka mmoja nyuma ilikuwa nambari 3, ukarudi darasani kuanza upya, si jambo jepesi.

Waliofuata kujiunga ni wengi na sitawataja wote. Mmoja muhimu ni Steve Canaday, ambaye kabla ya hapo alikuwa na ukumbi wa New Bijou mjini Springfield, mahali bendi ilipojifunza kazi. Mwenye ukumbi akageuka mwanabendi. Alifariki mwaka 1999 katika ajali ya ndege ndogo ya kizamani huko Nashville.

Mnorwe alifikaje kwenye bendi ya Missouri?

Rune Walle alikuwa mpiga gitaa wa Flying Norwegians, kundi la kantri roki kutoka Bergen. Ndiyo, Norwe ilikuwa na kantri roki, na nzuri. Daredevils walimfahamu katika ziara yao ya Ulaya mwaka 1976, wakapendana, na muda si mrefu akavuka bahari kuziba pengo la Chowning. Bendi iliyokataa kuhamia California ilimpata mtu aliyekubali kuhamia Ozark kutoka Norwe! Msikilize kwenye "Don't Look Down" ya mwaka 1977 na kwenye santuri ya moja kwa moja ya jukwaani, "It's Alive", ya 1978. Hiyo ya pili ndiyo iliyohitimisha kazi yao na A&M.

Je, ni kweli Columbia iliyowakataa ndiyo iliyokuja kuwachukua?

Ndiyo. Mwaka 1980 walitoa albamu moja na Columbia, chini ya mtayarishaji John Boylan. Ilirekodiwa Los Angeles, na imepigwa pasi ikanyooka kila mahali. Haikuuza, na mkataba ukaishia hapo. Ndiyo albamu yao ninayoisikiliza kwa nadra zaidi.

Baada ya 1980 walivunjika?

Hawakuwahi kuvunjika rasmi. Larry Lee alihamia Nashville na mwaka 1982 akatoa albamu yake mwenyewe. Wengine waliingia na kutoka, miaka mingine bendi ikipiga kumbi ndogo, miaka mingine ikinyamaza. Uzi uliounganisha yote ni Dillon, Cash na Granda. Waliendelea kurekodi kwa kampuni ndogo, na kila walipotangaza onyesho Springfield, watu waliingia na watoto wao, baadaye na wajukuu.

Granda aliandika kitabu kinene cha historia ya bendi, kilichotoka 2008. Steve Cash alifanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia: akawa mwandishi wa riwaya za kubuni, tatu zenye kufuatana, ya kwanza ikitoka mwaka 2005. Ukijua maneno yake ya nyimbo hutashangaa, kwani daima alikuwa na jicho la mtu anayetazama mambo ya kale yakijirudia. Cash alifariki Oktoba 2019.

Nianzie wapi kusikiliza?

Usianzie kwenye mkusanyiko wa vibao. Utapata nyimbo mbili unazozijua na hutaisikia bendi.

Anza na "It'll Shine When It Shines", santuri nzima, upande wa kwanza hadi wa pili, bila kuruka. "Jackie Blue" ikipita, iache ipite kama wimbo mmojawapo. Kisha rudi kwenye albamu ya kwilti. Humo kuna "Chicken Train", ambayo nimeshaieleza, na "Spaceship Orion" ya Larry Lee, wimbo wa mtu anayeiaga dunia kwa chombo cha anga huku akitamani abaki. Nimeusikiliza mara nyingi zaidi ya wimbo wowote mwingine wa bendi hii. Baada ya hapo nenda "The Car Over the Lake Album", na mwisho "It's Alive", uone jinsi nyimbo zile za sebuleni zilivyobadilika zilipopelekwa jukwaani.

Ukiweza, sikiliza kwa spika na si kwa vipokea sauti vya masikioni. Albamu ile ya shambani ilirekodiwa ndani ya vyumba vya nyumba, na inapendeza ikisikika ndani ya chumba.